Sauti Iliyofukuza Ndege

Mwanangu wa pili ana tabia ya kupekua. Baada ya arobaini ya baba yangu, nilipoletewa kutoka kwetu Mbwera yale machache aliyoyaacha, yeye ndiye aliyeifungua ile radio kaseti kabla mimi sijapata moyo wa kuigusa. Akaona kuna mkanda ndani. Akatafuta betri, akatia, akabonyeza. Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Niliposikia, mbuzi ya kukunia ilianguka upande na nazi ikamwagika sakafuni, nikaenda sebuleni mbio na kuzing'oa betri zile kwa kucha. "Mama, hiyo ni mashine gani?" akaniuliza. "Ya kusaga?" Nikamwambia ndiyo, ya kusaga. Radio yenyewe ilinuka vumbi la mpunga, lile linalowasha kooni, pamoja na kutu ya betri zilizovuja zamani. Harufu ile ilinikaa puani siku nzima, na wali niliopika sikuweza kuula.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka miaka ile, ruksa ya biashara ilipokuwa imeshakomaa na kila mtu anauza kitu. Kwetu deltani walijaa wanunuzi wa kamba, wanakuja kwa boti zenye masanduku ya barafu, na msimu mmoja baba alipouza vizuri alinunua radio kaseti badala ya bati la nyumba. Mama alimnunia. Akaendelea kumnunia mpaka alipogundua kwamba radio inaweza kupelekwa dunguni, ndipo akaacha.

Dungu letu lilikuwa kibanda kilichoinuliwa juu ya miti katikati ya shamba la mpunga. Mpunga ukianza kutia maziwa tulihamia humo, tukaishi humo mpaka mavuno, kazi yetu ikiwa kuamia, yaani kuwafukuza ndege tangu jua linapochomoza mpaka wao wenyewe wanapochoka na kwenda kulala. Baba alikuwa mtu wa nyavu, kombeo lilimshinda, jiwe lake lilikwenda popote isipokuwa alikolenga. Mwenye kazi alikuwa mama. Sauti yake haikuwa ya kuimbia harusini. Ilikuwa kali, inapasua, na wenye mashamba jirani walikuwa wanamlalamikia kwamba ndege anaowafukuza yeye wanahamia kwao. Na kwetu ilikuwa hivi: mpunga mbichi wa kwanza ukishakaangwa na kutwangwa, pepeta ile ya kwanza ni ya mwenye kuamia. Hakuna kuonja kabla yake, hata mwenye shamba. Mama alikuwa anaila taratibu makusudi, anatafuna huku anatutazama, mimi na baba tumekodoa macho kama paka, halafu anaangua kicheko na kutugawia.

Siku moja baba akabonyeza kitufe chekundu bila kumwambia. Kwenye mkanda ule mama alisikika kwanza kwa mbali, anagonga debe na kupiga kelele: "Hooo! Hooo-ya! Nendeni kwa wavivu huko!" Halafu akakaribia, anahema. "Somoe, mwanangu, shika kombeo, yule pale juu ya suke!" Kisha akaiona radio. "Zima hilo, baba Somoe, unamaliza betri!" Na kicheko chake. Basi. Ungeweza kumenya ndizi moja na kuila, na mkanda ukawa umekwisha.

Msimu uliofuata homa ilimkuta mama hukohuko dunguni. Maji yalikuwa yamekupwa, mtumbwi umekaa kwenye tope, na mpaka yalipojaa tukaweza kuondoka alikuwa hajui tena yuko wapi. Alifia njiani. Ndege walilimaliza shamba lile lote, na baba hakutupa hata jiwe moja.

Nilipelekwa Kibiti kwa dada yake baba ili nisome. Shangazi hakuwa mtu mbaya, na nalisema hilo mapema kwa sababu nitakayoyaeleza yatawafanya mdhani vingine. Alinilisha, alinishonea sare, alinitoa chawa kichwani kwa mikono yake. Ila alipenda sana kuchekeshwa, na nyumbani kwake asiyejua kuchekesha alikuwa anachekwa yeye. Alikuwa na duka karibu na stendi, mbele vitenge na sabuni, nyuma chumba cha mwanawe wa pekee, Shabani. Huyu alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta ya mtumba, jenereta lenye moshi mwingi, na kiburi cha mtu aliyeshinda kwenye ngazi za studio miezi mingi bila kuingizwa ndani. Alikuwa anawachomea CD makondakta wa mabasi ya Lindi. Mimi nilimwita Kaka Shabani, naye aliniita "mtoto wa dunguni".

Nilikuwa nimekuja na mkanda wa mama umefungwa kwenye ncha ya kanga. Shangazi alipouona akasema, "Mpe kakako akuingizie kwenye kompyuta. Hiyo mikanda inaliwa na radio, siku moja utakuja kulia." Alisema kwa mapenzi kabisa. Shabani akachomeka waya, akanivalisha spika za masikioni zilizonizidi kichwa, na mama akahema ndani ya masikio yangu. Nilicheka kwa sauti. Nikamwuliza, "Sasa yumo humo?"

"Yumo. Humu haozi wala haliwi na panya."

Kesho yake nilipoutaka mkanda wangu, ulikuwa umeshapigwa nyimbo za bolingo juu yake na kuuzwa kwa dereva. Shabani alishangaa kweli ninalilia nini. Si mama yumo kwenye kompyuta?

Shabani alikuwa na njaa ya sauti mpya. Dar, alisema, kila mtu anapiga kinanda kilekile, na atakayeleta sauti ambayo sikio halijawahi kuisikia ndiye atakayefunguliwa mlango. Alianza kwa kuzikwaruza CD kwa msumari mpaka nyimbo zikawa zinarukaruka na kugugumia. Halafu akagundua jambo lingine peke yake, bila mtu wa kumfundisha, na kwa hilo namkubali hata leo pamoja na chuki yangu yote. Aligundua kwamba faili la sauti ukilifungua kwa programu ya kuandikia barua, linafunguka. Linakuja kama maandishi. Ukiyafuta baadhi ya maandishi yale, ukalihifadhi na kulirudisha kwenye programu ya muziki, linapiga, lakini limeumia. Sharti usiiguse mistari ya mwanzo. Ukiigusa hiyo, kompyuta inakataa katakata.

Faili alilolichagua lilikuwa la mama. Sababu yake, alivyokuja kusema, ni kwamba lilikuwa fupi.

"Njoo uone mama yako anavyoandikwa," akaniita. Kwenye kioo kulikuwa na herufi zimesongamana bila nafasi: vikofia, vijiti, alama za hela za Ulaya, herufi za y zenye nukta mbili kichwani. Nilikuwa najua kusoma Kiswahili cha shule na najua herufi za Kiarabu za chuo cha Kurani, na yale hayakuwa ya huku wala ya kule.

"Maandishi ya wapi haya, Kaka?"

"Ya huko aliko."

Akalipaka buluu fungu kubwa la katikati, akalifuta. Mengine akayanakili na kuyabandika, akayabandika tena. Kompyuta ikamwuliza swali, akabonyeza ndiyo bila kusoma. Siku hizi na mimi natafuta riziki yangu kwenye kompyuta, swali lile nakutana nalo kila siku. Ilikuwa inamwuliza kama ana hakika kwamba anataka kuliweka hili jipya juu ya lile la zamani.

Akapiga. Mama akaanza "Hooo", na hapohapo sauti ikakwama, ikawa o-o-o-o bila pumzi, ukaja mkwaruzo wa sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, kisha kipande kidogo cha kuhema kwake, kilekile, kinarudiwa upesi upesi kana kwamba kuna mtu amemshika mabega anamtikisa. Halafu "So", na baada ya "So" mlio kama wa maji yanayomwagwa kwenye mafuta ya moto. Kicheko chake kilitoka kinyume, kizito, kama cha mwanamume.

Sasa mjue nilikuwa natoka wapi. Wiki ileile mwalimu wetu wa chuo alikuwa ametufundisha mambo ya kaburini: maswali ya malaika, na anayeshindwa kujibu anavyopigwa, na kwamba kilio chake wanakisikia wanyama na ndege, ila sisi binadamu hatukisikii. Nilikuwa mtoto ninayesikiliza darasa. Nilitazama ile kompyuta nikaelewa mara moja, tena nikaelewa vibaya kupita kiasi, kwamba ile mashine inatusikilizisha kile ambacho ni wanyama tu wanakisikia.

"Wanampiga!" nikapiga ukelele. "Kaka Shabani, wanampiga!"

Aliniangalia kwanza bila kuelewa. Nilipomweleza, niliona uso wake ukifunguka taratibu kama wa mtu aliyeokota kitu njiani. "Ndiyo," akasema. "Anahojiwa. Majibu yamemshinda."

"Mwambie aseme Mola wake ni Mwenyezi Mungu!"

"Hasikii. Ila mimi naweza kumpunguzia." Akainamia kompyuta, akabonyezabonyeza, akapiga tena, na kweli safari hii mkwaruzo ulikuwa mdogo. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba alikuwa na nakala nyingi alizokuwa ameziharibu kwa viwango mbalimbali kabla hajaniita, na alikuwa anachagua tu ipi ya kupiga. Siku ile niliiona kama rehema imeshuka kupitia kidole chake.

Kuanzia hapo nikawa mtumwa wa Shabani. Nilimfulia nguo mpaka soksi. Nilimchotea maji ya kuoga kabla sijachota ya nyumbani. Kipande changu cha samaki kilihamia sahani yake, na Shangazi akanisifu kwamba nina heshima. Nikifanya vizuri, Ijumaa baada ya swala alikuwa ananipigia nakala nafuu, ninamsikia mama akisema karibu maneno matatu mfululizo, na moyo unatulia. Nikikosea, aliniita kwa upole, "Somoe, njoo umsikilize mzazi wako." Siku niliyoliunguza shati lake kwa pasi alipiga ile mbaya kuliko zote, iliyokuwa mkwaruzo mtupu na pumzi ile inatikiswa, akaiacha ijirudie huku yeye anakwenda kununua soda. Nilipiga magoti mbele ya kiti kisicho na mtu nikaomba radhi. Aliporudi nilikuwa naendelea. Nilijaribu na mimi upande wangu: nilifunga Jumatatu na Alhamisi kama watu wazima, nikawa naanguka usingizini darasani, mwalimu wa shule akinichapa.

Mwisho nilimwendea Shangazi. Nilidhani yeye hajui. Nilimweleza yote, mama, maswali, herufi, na kwamba Kaka anamsaidia ila anamsaidia kidogo mno. Shangazi alinisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa upindo wa kanga. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yanaruka kwa kicheko.

"Mwana we!" akasema alipopata pumzi. "Shabani! Hebu njoo usikie haya!"

Akawahadithia wageni wake. Wakija kununua vitenge, chai ikishanywewa, alikuwa anasema, "Shabani, hebu mwekee mama yake tumwone." Nami nilikuwa naletwa. Nilijua wamekuja kucheka, lakini sauti ikianza siwezi kujizuia, nilinyanyua mikono na kumwombea mama hapohapo kwenye mkeka, naharakisha maneno ili niyamalize kabla ya kile kipande cha kutikiswa. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mbavu. Daima alikuwepo mmoja wa kusema, "Jamani mwacheni, maskini, yatima huyu," huku anajifuta machozi ya kicheko. Kisha nilipewa andazi. Nililila. Lilikuwa andazi zuri, na siku nyingine nilijikuta nalisubiri, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko kicheko chao.

Zile sauti zikapata mashabiki. Shabani alizipangia ngoma kwa chini akazipiga kwenye spika za mbele ya duka, vijana wa stendi wakazipenda. "Hii ni kitu ya mbele, mwanangu!" walimwambia. Watoto walipokutana nami njiani waliniimbia, "So, so, so, krrr!" na kunitikisa mabega.

Baba alikuja kunitazama mpunga ulipokuwa unaanza kutoa masuke. Alikuwa amekonda, shati limepauka kwa chumvi. Nilikuwa nimemngoja kwa hamu ya ajabu, kwa sababu nilijua baba ni mkubwa kuliko Shabani, atamwamuru. Alikaa kwenye benchi ya duka, Shangazi akamletea chai, na hata sijafungua kinywa Shabani akampigia moja ya sauti zake kwa majivuno.

"Mjomba, umewahi kusikia kitu kama hiki?"

Baba aliinua kichwa. Kunguru waliokuwa wanapekua taka ng'ambo ya barabara waliruka wote kwa pamoja. Baba aliwatazama wanavyokwenda, akaiweka chini ile chai.

"Hebu rudia," akasema.

Shabani akarudia. Mbuzi mmoja akakimbia.

"Mpwa wangu, hiyo unaweza kunitilia kwenye mkanda? Mwaka huu niko peke yangu dunguni. Na mimi unanijua, kombeo halinitaki."

Nilimkodolea macho Shabani, naye akanikonyeza. Alijaza mkanda pande zote mbili, akamwazima baba spika ya honi na betri ya gari, akakataa shukrani kama mtu mkubwa. Baba alimbariki mara nyingi. Hakuitambua. Mke wake aliyelala naye mkeka mmoja miaka yote ile, na hakuitambua.

Shule zilipofungwa nilipelekwa Mbwera kumsaidia. Honi ilikuwa imefungwa juu ya mti mrefu kuliko dungu, inatazama shamba. Alfajiri baba aliunga waya, na mama akalipuka juu ya mpunga, sauti yake imekatwa vipande, na ndege wakainuka wingu zima wakakimbilia mikokoni. Kwangu huo ulikuwa ushahidi. Mwalimu alisema ndege wanasikia, na hao hapo, wamesikia. Nilikaa kwenye kona ya dungu nimeziba masikio, na baba akadhani naogopa kelele.

Jioni moja, tunakula, ndege wachache walikuwa wamebaki wanadonoa karibu na dungu. Baba akatikisa kichwa. "Angekuwepo mama yako," akasema, "hawa wasingethubutu."

Honi ilikuwa inaendelea kukwaruza juu ya vichwa vyetu.

"Baba, mzime," nikasema. "Anaumia."

"Nani anaumia?"

"Mama. Huyo hapo. Wanampiga kaburini, Kaka Shabani amemtoa kwenye mkanda wetu."

Alitaka kucheka. Kisha mkanda ukafika kwenye kile kipande cha pumzi, naye akaacha kutafuna. Akasimama, akainua uso kuielekea honi. Kikaja tena, kikapita, ikaja "So". Alishuka ngazi ya dungu upesi hata akakosa kidato, akaung'oa ule waya. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa, chura tu.

"Mkanda wenyewe uko wapi?" akaniuliza kutoka chini.

"Kaka aliupigia nyimbo, akauuza."

"Na hiyo iliyomo kwenye kompyuta, nzima ipo?"

"Hakuna nzima, Baba. Ile nafuu kuliko zote, jina langu halimalizi."

Hakupanda tena mpaka giza lilipoingia. Aliniambia kwamba mashine haina uchungu, kwamba mama alikuwa mtu wa swala na yuko pema, na kwamba Shabani amenitania. Maneno yalikuwa mazuri, lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka, na mimi niliiamini mikono.

Asubuhi ndege walishuka. Hapakuwa na sauti ya kuwazuia, na walikuwa wengi kiasi kwamba masuke yalilala kwa uzito wao. Baba alirusha mawe, akagonga debe, akapiga kelele na ile sauti yake nene isiyotisha kitu. Nilitupa kombeo mpaka bega likawaka moto. Jua halijapanda sana alikuwa amesimama katikati ya mpunga uliopukutika, anaangalia. Kisha akanitazama mimi.

"Mpunga huu ndio unaokuweka kwa shangazi yako," akasema. "Mtoto wa mkono mtupu hafugwi."

Akaenda akauunga waya. Halafu akachukua pondo, akaingia mtumbwini, akaenda kukaa ng'ambo kabisa ya kijito ambako sauti inafika kidogo, na ndivyo alivyofanya kila siku tangu hapo. Aliniacha mimi pale chini ya honi.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyeona mabadiliko. Kwanza ndege walianza kurudi mapema. Kisha wakawa hawaendi mbali, wanaruka kidogo na kutua palepale. Mwisho, asubuhi moja, kwelea mmoja alitua juu ya ile honi yenyewe, mama anakwaruza chini ya miguu yake, na yeye anajinyoosha manyoya. Wakaja wengine, wakajipanga. Nilisimama nikapiga makofi kwa furaha. Fikirini, shamba linaliwa na mimi nacheza! Lakini hesabu yangu ilikuwa wazi: kama ndege hawakimbii tena, basi hawasikii tena kilio. Mama ameachiwa.

Baba aliporudi na kuona, hakuniuliza ninachekea nini. Aliokoa alichoweza kuokoa. Mpunga mbichi tulioukata tukaukaanga, yeye akatwanga, mimi nikapepeta. Akaijaza pepeta ile ya kwanza kwenye kikapu kidogo, akakifunika kwa jani la mgomba. Nilimngoja aseme ni ya nani.

"Mpelekee Shabani," akasema. "Ndiye aliyetuamia. Na mwambie mwakani nitahitaji nyingine. Hii ndege wameizoea."

Sijui kama huo ulikuwa uchungu au akili ya maskini anayejua mtoto wake analala nyumba ya nani. Nimeshamzika na sikumwuliza.

Kwenye boti ya Nyamisati nilikipakata kikapu. Harufu ya pepeta mnaijua, ile ya moto kidogo na ubichi kidogo. Sikuwa na hofu ya Shabani tena. Mama alikuwa ameachiwa, na Shabani hakuwa na la kunifanya. Na aliyeamia nilimjua, na mrithi wake alikuwa mmoja tu humo botini. Nikafunua jani. Nilikula taratibu kama alivyokuwa anakula yeye, natafuna huku nawatazama abiria, na sikumgawia mtu. Gari la kutoka Nyamisati lilipopita Bungu nilikuwa napangusa vumbi la mwisho kwa kidole kilicholowa mate.

Shangazi alikipokea kikapu, akakigeuza. "Na hiki nacho?"

"Baba alimpelekea Kaka pepeta ya mwenye kuamia. Nimeila. Ilikuwa ya mama."

Nilichapwa, na sikulia, na nadhani kutolia kwangu ndiko kulikomchokoza Shabani zaidi ya pepeta. Aliniita chumba cha nyuma. Jenereta lilikuwa linanguruma, kompyuta imewaka. Aliziweka nakala zote za mama mstari mmoja kwenye kioo, mbaya na nafuu. "Omba radhi," akasema. Akazipaka zote buluu. "Omba radhi, Somoe, maana hizi nikizifuta hazirudi." Nikamtazama usoni.

Kompyuta ikamwuliza swali lake. Akabonyeza ndiyo. Kioo kikawa cheupe.

"Haya," akasema. "Mama yako ameshafika peponi."

Alikuwa anasubiri nianguke chini. Nami nilinyanyua mikono, nikasema alhamdulillahi, nikapangusa uso. Nilimshukuru hata yeye. Nikatoka nje nikachukua ndoo, nikaenda kisimani na wasichana wengine, na njia nzima nilikuwa naimba. Nilikuwa nimeshaposwa siku nilipokaa mbele ya kompyuta ya kazini, nikafuta kitu kwa bahati mbaya, nikamwuliza mwenzangu hurudishwa vipi, akaniambia hakirudi, na palepale kwenye kiti nikaelewa nilichokuwa nimekishukuru.

Radio nimeiweka juu ya kabati, na mkanda ule wa dunguni ndani yake. Betri nimezitupa. Mwanangu bado anaiangalia kila akipita, lakini hajaniuliza tena mashine ile ilikuwa inasaga nini.